Bega na Fenesi

“Nani kakupiga?”

Mama alikuwa amesimama mlangoni, beseni la nguo kiunoni. Mimi nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, blauzi imeshuka hadi kiwikoni, najikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Chini ya mtulinga wa kulia palikuwa na alama ya ukubwa wa kiganja, katikati nyeusi kama zambarau iliyoiva, pembezoni imeanza kugeuka kijani.

“Ni bunduki, Mama.”

Aliitazama ile alama, akanitazama usoni, akairudia alama. “Hao wakufunzi wako wameona aibu kukupiga wenyewe, wakaituma bunduki?”

Ilikuwa mwaka 2009, nasi tukiishi Walukuba, ile mitaa ya nyumba za wafanyakazi hapa Jinja. Nilikuwa na miaka 22, cheti cha sekondari ninacho, ada ya chuo sina. Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa ikiandikisha walinzi, nami nikaenda. Tulikuwa makuruta 31, wanawake wanne. Tulikimbia alfajiri, tukajifunza kukagua magari, kujaza kitabu cha zamu na kupiga saluti. Kisha ikaja wiki ya silaha, kwenye kiwanja kilichokuwa nje ya mji, upande wa mashamba ya miwa ya Kakira.

Silaha yenyewe ilikuwa bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani: namba 12, ya kukokota kwa mkono wa kushoto baada ya kila mlio. Kitako chake cha mbao kilikuwa kimeng'arishwa na mikono ya watu wengi waliotutangulia. Mpira wa nyuma, ule unaokaa kati ya mbao na bega, ulikuwa umebanduka zamani. Yalikuwa yamebaki matundu mawili ya skrubu.

Mkufunzi wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee mfupi mwenye sauti ya chini. Tulimwita Afande, basi. Siku ya kwanza alikuja na fenesi bivu amelibeba begani. Sote tukajua siku hiyo tutakula. Yeye akalipeleka hadi kwenye kichuguu, hatua 15 kutoka mstari wa kupigia, akaliweka juu yake kama mtu anayemkalisha mgeni kitini. Kisha akarudi, akatupitia kwa macho, akanichagua mimi niliyekuwa mdogo wa mwili kuliko wote.

Nilikuwa nimeshasikia hadithi za bunduki hiyo. Kuna aliyeniambia kwamba ilimvunja mtu taya. Kwa hiyo nilipoiinua niliishika jinsi mtu anavyomshika paka asiyemwamini. Kitako nilikiacha mbali na bega, nafasi ya vidole viwili. Kichwa nilikirudisha nyuma. Mgongo niliuegemeza nyuma pia, kana kwamba nataka kuondoka na kuiacha bunduki ipige peke yake. Nikafumba macho, nikavuta.

Mlio sikuusikia vizuri. Nilichosikia ni kama mtu amefunga mlango wa chuma ndani ya kichwa changu. Bega likapigwa, shavu likapigwa, nikarudi hatua mbili na ya tatu ikaishia chini. Wanaume wakacheka. Machozi yalinitoka bila ruhusa yangu.

Afande hakucheka. Aliichukua bunduki, akaitoa risasi zilizobaki, akaiweka salama, kisha akaniambia, “Kuruta, twende tukalione fenesi.”

Upande wa mbele lilikuwa na matundu machache, si ya kutisha. Akaligeuza. Upande wa nyuma haukuwepo. Nyama ya njano ilikuwa imetapakaa juu ya kichuguu, kokwa zimerushwa majanini, na utomvu ulikuwa ukidondoka taratibu kama maziwa. Akachokonoa kwa kidole, akatoa punje ya risasi yenye ukubwa wa punje ya hindi, akaniwekea kiganjani.

“Bega lako litapona wiki ijayo,” akasema. “Hili je?”

Nilikuwa na maumivu mno hata nisiyatie maanani maneno yake. Yalichukua muda kunifikia.

*

Somo la kwanza nililojifunza lilikuwa la hesabu tu, na Afande alilifundisha kwa kijiti mchangani. Risasi moja ya aina ile hubeba punje tisa, jumla kama gramu 32. Zinatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. Kitu hakiwezi kusukumwa mbele bila kumsukuma nyuma anayekisukuma. Aliyewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi pale Masese anajua jinsi mtumbwi unavyokimbia upande wa pili. Bunduki ya kilo tatu hivi inarudi nyuma kwa mwendo wa kama mita tano kwa sekunde. Huo ni mwendo wa baiskeli inayoteremka mteremko. Bega linatakiwa liisimamishe baiskeli hiyo ndani ya upana wa vidole vichache.

Bunduki ya AK-47 ambayo askari wengi wa Uganda wanaijua hutoa risasi ya gramu nane tu, kwa mwendo wa mita 700 na ushei, na yenyewe ni nzito zaidi. Ndiyo maana mtu aliyezoea AK huishika ya marisau kwa dharau mara moja tu.

“Sasa,” Afande aliuliza, “ukisimama mbele ya baiskeli, afadhali iwe imekugusa tangu mwanzo au ije kutoka mbali?”

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Ile nafasi ya vidole viwili niliyoiacha kwa kuogopa ndiyo iliyonipiga. Bunduki ilipata uwanja wa kukimbilia kabla ya kunifikia. Kama ningeikumbatia kwa nguvu ndani ya kile kibonde kilicho kati ya mtulinga na kichwa cha mkono, isingerudi na kilo zake tatu peke yake. Ingelazimika kunisukuma na mimi mzima, kilo 54, na kilo zote hizo haziendi mbio. Maumivu yangegeuka msukumo.

Kwa hiyo tukajifunza upya kusimama. Mguu wa kushoto mbele, goti limelegea kidogo. Kifua kimeinamia mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni, si anayevutwa nao. Bunduki inakuja shavuni kwanza, ndipo inaingia begani. Shavu halishuki kuifuata. Mkono wa kushoto unaisukuma mbele kidogo, wa kulia unaivuta nyuma. Meno yamefungwa, ulimi uko ndani. Kidole gumba cha kulia hakikai karibu na pua, maana kikirudi kinarudi na pua.

Mimi niliyaelewa yote haya kwa akili. Mwili ulikataa. Siku ya pili nilipiga risasi nne na zote nilizipiga nikiwa nimefumba macho. Wenzangu walikuwa na ushauri wao: “Vumilia, bega litazoea.” Mmoja alinipa Panadol nimeze kabla ya zamu yangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba bega halizoei. Nyama iliyovilia damu ikipigwa tena inauma zaidi, na anayeongeza idadi ya risasi ili ajikomaze anajifundisha kuogopa kwa bidii. Dawa ya maumivu, ikinywewa ili upige tena, inafunga mdomo wa bega peke yake. Tiba ilikuwa kupumzika siku mbili, barafu siku ya kwanza, maji ya moto baadaye. Na kama mkono ungekufa ganzi au kukataa kuinuka, hospitali, wala si ushujaa.

*

Niliporudi kiwanjani Afande aliichukua bunduki, akanipa mgongo, nikasikia akiipakia. Akanikabidhi. “Piga.”

Nilijipanga kama nilivyofundishwa. Nikalenga kipande cha boksi. Nikavuta.

Ikalia “ta,” kama mtu aliyevunja kijiti. Hapakuwa na moto wala mshindo. Lakini mtutu ulikuwa umezama kuelekea chini karibu dhiraa nzima, macho nimeyafumba, bega nimelitupa mbele kama anayegonga mlango.

“Risasi iko wapi?” akauliza.

“Haimo, Afande.”

“Na nani kakupiga?”

Swali lile lile la Mama. Sikuwa na jibu. Hakuna aliyenipiga. Nilikuwa nimejipiga mwenyewe, kwa ajili ya pigo ambalo halikuja.

Zoezi hilo aliturudishia mara nyingi. Kwenye bunduki anaweka ganda tupu au la kweli, na mpigaji hajui ni lipi. Ukweli wa mkono wako unaonekana pale risasi isipokuwepo. Nilishangaa kuona wale wanaume wakubwa waliocheka nao wanazamisha mtutu. Tofauti ni kwamba mimi niliogopa hadharani.

Jioni ile nikiwa njiani kurudi Walukuba nilimkumbuka Mama kwa namna nyingine. Nyumbani tulizungumza Lusoga. Kiswahili nilikiokota mtaani, kwa majirani waliotoka pande nyingi, hata Kenya, na sasa kwa Afande. Nikiwa katika mafunzo nilianza kurudi nacho nyumbani, kile cha amri, kikavu. Usiku mmoja Mama alikuwa amejifungia, nami kwa utani nikagonga nikisema kwa sauti nzito, “Fungua mlango!” Nilisikia kitu cha bati kikianguka ndani. Aliponifungulia, uso wake ulikuwa wa majivu, na hakunisemesha hadi asubuhi.

Katika Uganda Kiswahili kimetembea na bunduki muda mrefu. Kikosi cha nne cha King's African Rifles kilikuwa na makao yake hapa Jinja, na baada ya uhuru wa 1962 kikawa Uganda Rifles. Askari wake waliasi Januari 1964 wakidai mishahara, wakamzuia hata waziri Felix Onama aliyekuja kuzungumza nao. Halafu ikaja miaka ya Idi Amin, 1971 hadi 1979, naye mwenyewe alikuwa mtu wa kambi hiyo hiyo ya Jinja. Serikali yake ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini watu kama Mama hawakukipokea kwa tangazo. Walikipokea mlangoni, usiku, kwa maneno mawili. Miaka 30 baadaye mlango unagongwa na binti yake mwenyewe, hakuna silaha, na mwili wa Mama unaruka kabla ya akili yake.

Baada ya ganda tupu sikumcheka tena mtu anayeshtuka. Na nikaacha kugonga mlango kwa Kiswahili.

*

Kilichonisaidia hatimaye kilikuwa kidogo kuliko ujasiri. Afande aliniambia nikunje mkono wa kulia, akauweka ule mwisho wa kitako ndani ya kiwiko changu, akatazama kidole changu cha shahada kinafika wapi. Kipimo hicho hutumika kukadiria: pingili ya kwanza ya kidole inatakiwa ifike kwenye kifyatulio. Kidole changu kilikuwa mbali nacho kwa zaidi ya inchi moja.

“Wamekupa suruali ya baba yako,” akasema.

Bunduki hiyo ilichongwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Kwangu mimi kitako hakikuingia kwenye kibonde cha bega. Kiliteleza kikaja kukaa juu ya mfupa wa mkono, na shavu lilibaki likinyoosha shingo kukitafuta. Siku zote tatu nilikuwa nikidhani kasoro ni ya ukike wangu. Ilikuwa kasoro ya inchi moja ya mbao.

Nikajaribu kurekebisha mwenyewe. Nilikata kisigino cha sapatu kuukuu, mpira mnene wa buluu, nikakifunga nyuma ya kitako kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kilikuwa laini, na kikanipiga vibaya zaidi. Mpira uliongeza urefu kwenye kitu kilichokuwa kirefu tayari. Mtunza ghala la silaha alipoona hangaiko langu alikwenda kuomba ruhusa kwa wakubwa, na bunduki moja, moja tu, ikapelekwa kwa fundi seremala. Akaikata mbao kwa ukubwa wa ile inchi na unene wa mpira mpya juu yake. Tuliitumia wanawake wote wanne, na wanaume wawili wafupi walioomba kwa sauti ya chini.

Mwenzangu mmoja aligundua jambo jingine ambalo Afande asingeweza kulijua: mkanda wa sidiria una kile kipete cha kurekebishia urefu, na kipete kile hukaa mahali pale pale kitako kinapokaa. Alikisogeza nyuma ya bega. Alama yake ya duara ikakoma siku hiyo.

Na masikio. Tulikuwa tukipiga na masikio wazi, kwa kuona fahari. Mlio wa bunduki hiyo unapita desibeli 140, kiwango ambacho kinaweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja. Nilipoanza kuvaa vizibo, mtutu wangu uliacha kuzama kabla bega halijapona. Nusu ya kile nilichokiita maumivu ya bega ilikuwa kelele.

Hata wakubwa wa mchezo huu waliogopa. Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864 pamoja na mkewe Florence, alikuwa na bunduki ya kilo tisa iliyorusha nusu ratili kwa pigo moja. Waarabu aliokuwa nao waliiita mtoto wa mzinga. Baker alikuwa pandikizi la mtu, mwindaji wa tembo, na aliandika waziwazi kwamba bunduki hiyo ilimzungusha na kwamba aliogopa kuipiga. Nilipolisoma hilo nilijisikia nimepata ndugu.

*

Lakini siku ya pili, kabla ya fundi na kabla ya vizibo, lilitokea jambo ambalo sikumsimulia Mama.

Nilikuwa nimepiga risasi ya nne. Bega liliwaka moto. Bila kufikiri niliupeleka mkono wa kushoto kulisugua, na bunduki ikabaki katika mkono wa kulia peke yake, ina risasi moja ndani. Nikageuka kuwaambia wenzangu kwamba siwezi tena. Nilipogeuka, mtutu uligeuka nami. Ulipita kwenye mstari wa makuruta mmoja baada ya mwingine, kama kidole cha mwalimu kinachohesabu wanafunzi. Afande aliuinua juu kwa kiganja kabla haujafika kwa wa mwisho.

Hakunipigia kelele. Alisema tu, “Ulikuwa unashughulika na bega.”

Jumapili iliyofuata nilivuka kwenda upande wa Njeru, ng'ambo ya mto, palipo na mnara wa John Hanning Speke. Kila mtoto wa Jinja anajua kwamba Speke alisimama pale tarehe 28 Julai 1862 akayaona maji yakitoka ziwani. Wachache wanajua alivyokufa. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kukabiliana na Richard Burton mjini Bath katika mjadala juu ya chanzo cha Nile, alikuwa akiwinda ndege huko Wiltshire, Uingereza, na bunduki ya marisau. Alipanda ukuta mfupi wa mawe. Bunduki ikalia, marisau yakamwingia ubavuni, chini ya kwapa la kushoto. Alikuwa na miaka 37. Alivuka Afrika Mashariki kwa miguu akarudi mzima; aliuawa kwenye ukuta ambao mbuzi angeuruka, na bunduki yake mwenyewe.

Watu wameandika mengi kuhusu alichokuwa akiwaza dakika ile. Mimi nilikaa penye nyasi chini ya mnara nikawaza mtutu tu: alipoinua mguu kuupanda ukuta ule, akili yake ilikuwa mguuni au mtutuni? Nikaukumbuka mkono wangu wa kushoto ukisugua bega.

Hapo ndipo swali la Afande kuhusu fenesi liliponifikia. Teke la bunduki linakuita nyuma, kwenye ngozi yako. Unaanza kuamini kwamba wewe ndiye uliyepigwa. Kumbe lile pigo ni chenji tu. Fedha yenyewe imekwenda mbele. Na anayehesabu chenji hamwoni aliyelipa.

*

Nililinda miaka saba: duka la vifaa vya ujenzi, ghala la kahawa, lango la hoteli. Nje ya kiwanja cha shabaha sikupiga risasi hata moja. Baadaye nikapewa kazi ya kufundisha, na jambo la kwanza nililofanya kila wiki ya silaha lilikuwa kupita na kipimo cha kiwiko kabla mtu hajapewa hata risasi. La pili, risasi tano kwa siku, si zaidi. La tatu, kununua fenesi.

Mwaka mmoja alikuja binti mwembamba kutoka upande wa Mayuge. Akiwa mstarini akanong'ona, “Afande, inauma?”

“Inauma kidogo. Ikiuma sana niambie, tutatafuta kosa liko wapi.”

Nilimfupishia kitako, nikakagua vizibo vyake, nikamwonyesha pa kukisogeza kipete. Akaegemea mbele, akaivuta ndani. Mlio ukatoka. Mabega yake yalitikisika, miguu haikuondoka. Nikaona mkono wake wa kushoto ukianza kuinuka kuelekea begani, kisha ukasita ukarudi kwenye bunduki. Akaushusha mtutu ukatazama ardhi mbele yake, akaikokota, akatoa risasi zote moja moja, akaingiza kidole kuhakikisha chumba ni kitupu, akaniachia mikononi.

Ndipo akalisugua bega.